Risala ya Wafanyakazi wa Kiwanda cha Maziwa, Tetu, Siku ya Kuzindua Mlingoti wa Nne wa Radi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mama Kingori, mlezi wa ushirika wetu; meneja wetu, Bwana Gicheru; wakulima nyote: hamjambo.

MAKARIBISHO
Karibu Tetu. Umekuja kukata utepe wa mlingoti wa kukinga radi. Ni mrefu, unang'aa. Ni wa nne.

HISTORIA
Mitambo yetu huendeshwa na kisanduku kiitwacho kontrola. Ya kwanza iliungua Machi mwaka juzi. Meneja akasema, "Ni radi hiyo." Siku hiyo jua liliwaka hadi mbwa wa askari akajificha chini ya tangi. Mlingoti ukasimamishwa. Ya pili haikumaliza miezi miwili. Mlingoti wa pili. Ya tatu, mlingoti wa tatu, na mchungaji akaletwa kuuombea. Tarehe tunazo zote.

MAFANIKIO
Tumejisomea wenyewe. Mgeni rasmi, shida haitoki mbinguni. Kontrola ikizima vali ya maziwa, koili ya vali, ule waya uliozungushwa ndani yake, hurusha teke la umeme, kama ng'ombe akishikwa na mkono baridi. Teke hilo linarudi kwenye kontrola na kuiunguza. Dawa ni dayodi, kitu kama punje ya mchele. Ukiifunga kwenye koili, teke linazunguka humo humo na kuisha.

CHANGAMOTO
Mwenzetu Wangui alimweleza meneja hivyo hivyo. Akajibiwa, "Wewe mama, ati punje inashinda mlingoti?" Kontrola ya nne ilipoungua, akasimamishwa kazi kwa kosa la "kuzima mashine kwa hasira". Sisi tumemwona akizima. Anabonyeza kitufe kwa kidole kimoja, kama watu wote. Huu ni mwezi wa saba hana kazi, na sasa hivi yuko nje ya geti. Askari amekatazwa kumfungulia.

OMBI
Utepe kata, hatukuzuii. Lakini Wangui arudishwe kazini kabla hujaondoka.

Bwana Gicheru atadai ushahidi. Basi kontrola ya tano ilipofungwa, tulitia dayodi kwenye vali zote kumi na mbili, bila ruhusa, tukisema tunaosha matangi. Mwezi wa saba huu, haijaungua. Mlingoti huu muda wote huo ulikuwa umelala nyasini, kuku wakiutagia.

Meneja, usihangaike kutafuta aliyefanya. Tulipokezana, sote thelathini na wanne. Ukimwandikia barua mmoja, andika zote, na maziwa ya jioni uyapokee mwenyewe.

Mungu akulinde njiani, Mama, na akupe neno la kusema hapa kabla ya chai.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Zamu Zote.
Imesomwa na Theuri Wamae, fundi.