Mhuri wa Mzee Longinus Hatungimana

Ndugu waombolezaji, mimi ni Bazilio Mpawenimana, mpwa wa marehemu, elimu yangu ni darasa la tano na nusu, lakini haya nitakayosoma nimeyashuhudia yote kwa macho yangu mawili, hata yale yaliyotangulia kuzaliwa kwangu, na mwenye kubisha angoje nimalize.

Mzee Longinus alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 Heru Juu, enzi ambazo neno la mwami, mtawala wetu Waha, lilitosha bila karatasi, akamaliza darasa la saba mwaka 1968 na mwandiko ulionyooka kuliko matuta ya maharage, na tarehe 7 Agosti 1976 akafunga ndoa Kibondo na mama yetu Ernesta, wakajaliwa watoto watano, nao waliobaki ni Loyce na Brighton.

Mwaka 1999 alichaguliwa mwenyekiti wa kitongoji chetu, akakabidhiwa mhuri, akaulaza kwenye kopo la majani ya chai chini ya kitanda, na bila mhuri ule hapakuuzwa mbuzi mnadani, wala kijana hakupata kibarua kambi ya wakimbizi Mtendeli, hata mimi nilishinda siku tatu mlangoni pake nikiambiwa, "Bazilio, hapa mjomba hayupo, yupo mwenyekiti."

Februari 2023 alianza kuugua figo, na ili atibiwe bure kwa msamaha wa wazee ikatakiwa barua ya mwenyekiti wa kitongoji chake, ambaye bado alikuwa yeye mwenyewe, kisha mtendaji wa kijiji aidhinishe, nami nikaiandika, nikamwekea mhuri kiganjani, nikamwambia, "Mjomba, gonga tu, nani atajua?" naye akanitazama kama mwizi, akasema, "We Bazilio, ng'ombe hajipigi chapa."

Nikaenda kwa mtendaji, yuko semina, aliporudi akasema hawezi kuidhinisha mtu ambaye hajatambulishwa na mwenyekiti wake, nikapanda ngazi za juu yake, wakaniambia nianzie chini, nikazunguka Kasulu nzima mara kumi na moja, bodaboda mbili zikafia njiani, na mjomba anavimba miguu, mpaka tarehe 11 Agosti, saa nne asubuhi, nilipomfikishia barua yenye saini na mhuri, akaisoma hadi chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na saa tano akafariki nayo mkononi.

Tunamshukuru daktari aliyempima kwenye benchi la nje kwa huruma yake tu, majirani kwa kuni na maharage, wenyeviti wenzake kwa kubeba jeneza, na mtendaji, ambaye kibali cha mazishi alikigonga jana kwa dakika moja.

Kabla sijakaa, ndugu zangu, yote niliyosoma ni kweli isipokuwa barua, haikufika, hiyo niliitia mimi, kwa sababu nilishindwa kusoma mbele ya mama Ernesta kwamba mkono ule ulikuwa mtupu.

Pumzika kwa amani, mjomba, na kama huko nako wanadai barua, sijui nani atakugongea.