Siku Wavulana Walipojifunga Khanga: Tunamuaga Mwalimu Stellamaris

Tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Stellamaris Kokushubila anastaafu baada ya kufundisha Shule ya Sekondari Mkuyunge, Kisarawe, kwa miaka thelathini na miwili. Alifika mwaka 1993 akitokea Bukoba, akiwa na begi moja, ramani ya dunia ya kutundika ukutani na filimbi shingoni. Ramani ilichakaa. Filimbi bado ipo, na walimu wote wanaijua, maana aliwahi kuipuliza katikati ya kikao kilichopitiliza hadi saa ya chakula.

Aliajiriwa kufundisha Jiografia, na aliifundisha vizuri. Vipimo vya ramani alivifundishia uwanjani, wanafunzi wakipima kwa kamba kutoka goli hadi goli. Huenda ni huko alikogundua kwamba wasichana hawakuwa na shughuli nyingine yoyote katika uwanja ule. Mwaka 2011 akaanzisha timu yao ya soka.

Haikupokelewa kwa vigelegele. Wakati huo msichana wa Mkuyunge alicheza netiboli au alishangilia wavulana. Halidi, aliyekuja kuwa nahodha wa wavulana, alilalamika kila Jumanne, siku ya mazoezi yao, kwamba wasichana wanamharibia uwanja, ingawa uwanja wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Wazazi wa kijiji cha Msimbu nao walikuwa na lao: binti zao hawataingia uwanjani miguu wazi.

Mwalimu hakubishana nao. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akaketi mkekani, akanywa chai, akasikiliza. Kisha akampelekea fundi Badru kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye sare za wavulana ili ashone suruali ndefu. Badru alizishona kwa moyo wote, akaziwekea hadi mifuko ya pembeni. Timu ilipojitokeza kwa mara ya kwanza, watazamaji walipiga kelele: "Mgambo hao! Ficheni nyanya, wamekuja kudai ushuru!" Jina la Mgambo likabaki.

Kabla ya kila mashindano aliwaonyesha filamu ileile bwaloni, ya timu ya wanyonge ambayo hakuna aliyeitegemea. Wachezaji wa kwenye filamu walipotoka vyumbani kwenda kucheza fainali, alizima. Lawama hazikumgeuza, wala machozi. "Kilichobaki kachezeni wenyewe," alisema.

Mechi inayosimuliwa mpaka leo ni nusu fainali ya mashindano ya shule ya mwaka 2014, iliyochezwa kwenye uwanja wa Picha ya Ndege, Kibaha. Mzee Mwinyijuma wa Msimbu, baba wa golikipa Naila, alikuja kujionea mwenyewe, pamoja na kina mama wa kijiji waliojaa kwenye Fuso la kukodi. Sharti lake lilijulikana: akiona jambo moja la kumfedhehesha, binti yake hachezi tena. Wachezaji kadhaa walitoka kijiji hichohicho, na wazazi wao walikuwa wakimtazama yeye. Akiondoka Naila, hakuna timu.

Hapo likaonekana kosa la Mwalimu. Miaka yote ile aliwafikiria wazazi, akamsahau refa. Kwenye mechi za kirafiki na za awali hakuna aliyejali suruali. Refa wa siku ile alijali. Hakuna bukta, hakuna mechi. Suruali zikunjwe hadi magotini au timu irudi nyumbani. Mzee Mwinyijuma akasimama, akaanza kukung'uta kanzu yake.

Mwalimu akamuuliza refa kama ipo kanuni inayokataza kuvaa bukta juu ya suruali. Refa akafikiri, akakiri kwamba haipo. Lakini shule ilikuwa na seti moja tu ya bukta, na zilikuwa zimevaliwa na wavulana, waliokuwa wakisubiri mechi yao.

Halidi akawatazama wasichana, akamtazama na Mzee. "Sasa Mwalimu, sisi tukae na nini?"

Khanga huuzwa mbilimbili, na kila mama alikuwa amekuja na doti yake juu ya gauni. Mama Firdausi akaivua ya mabegani, akamrushia. "Jifunge, mwanangu. Leo mwali ni wewe."

Wavulana wakaenda nyuma ya Fuso, na mechi ikachezwa. Wasichana walivaa bukta juu ya kaki. Wavulana waliketi kando ya uwanja na khanga zao, wakishangilia kuliko mtu yeyote, huku kina mama wakiwakumbusha: "Mwali, kaa vizuri!" Mgambo walifungwa mawili kwa moja. Bao hilo moja lilipoingia, Halidi aliruka, fundo likalegea, na Mzee Mwinyijuma akacheka mpaka akafuta machozi.

Filimbi ya mwisho ilipolia, timu nzima ilimgeukia Mzee. Alimwendea Mwalimu polepole. "Mwalimu, hiyo Jumanne mazoezi saa ngapi? Maana huyu binti yangu huwa anachelewa."

Timu haikufa. Mwaka 2018 ilichukua kombe la wilaya, na bukta juu ya suruali ndiyo sare yake rasmi. Siku hizi wapo watoto wa Msimbu wanaochagua namba ya jezi kabla hawajafika kidato cha kwanza.

Mwalimu anahamia kwenye nyumba yake Misugusugu, kwenye migomba ambayo anasisitiza kwamba haijafikia ya Bukoba. Tutamuaga Ijumaa bwaloni, na kwa mara ya kwanza filamu itaonyeshwa mpaka mwisho. Ameomba jambo moja tu: wachezaji wa sasa watolewe nje kabla ya fainali, kwa sababu Jumamosi wana mechi.

Asante, Mwalimu, kwa uwanja uliotugawia na kwa milango yote uliyoibisha kwa ajili yetu. Tunakuombea afya, furaha na miaka mingi Misugusugu. Na Jumanne ukitukumbuka, mazoezi ni saa kumi jioni. Usichelewe.

Mwl. Naila Mwinyijuma
Kocha, timu ya wasichana