Mama Ukoo Anaondoka, Binamu Anabaki

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Mama Ukoo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Niliombwa niandike maneno haya ya kumuaga kwa uchangamfu. Nimejaribu, imenishinda.

Alianzia chumba cha kompyuta nyuma ya dirisha la dawa hapa hospitalini, chini ya feni yenye kelele kuliko upepo. Aliandika programu inayochukua taarifa za dawa na kuzigeuza kuwa karatasi ya mgonjwa: umeze lini, kiasi gani, usichanganye na nini.

Programu hiyo aliigawa vipande vidogo, kila kimoja na faili lake, akavipa majina ya undugu, nasi tukampa yeye jina la Mama Ukoo. Bibi alifungua ukurasa na kuwatuma wengine. Shangazi alipanga majedwali. Mkwe alishika maonyo, na nani angethubutu kumgusa? Binamu alitafuta majina ya dawa. Wageni waliotusikia tukisema Shangazi kaharibika tena walitupa pole, nasi tukazipokea. Kosa likitokea, ulijua wa kumwendea.

Kisha karatasi zikaanza kuchelewa. Wagonjwa wakachoka kungoja, wakaenda zao bila maelezo. Wakubwa wakaamua kwamba vipande vimezidi, kuitana kwao ndiko kunakokula muda, basi viunganishwe viwe faili moja. Mama Ukoo akapima muda wa kila kipande, akawaeleza kwamba kuitana hakuchukui muda wa maana. Mzigo wote ulikuwa kwa Binamu, ambaye kwa kila dawa alisoma orodha nzima upya. Aliomba aachiwe amrekebishe huyo mmoja tu. Wapi! Kazi ilikuwa imeshapewa mkandarasi.

Vikaunganishwa. Mkandarasi akalipwa, akaaga. Karatasi zinachelewa vilevile, na Binamu yumo humo humo, amekatwakatwa na kutawanywa ndani ya faili refu ambalo hakuna kati yetu anayelielewa. Tumemtafuta mpaka tumekata tamaa. Jana mama mmoja, mtoto wake ana homa, aliondoka na chupa ya dawa bila karatasi. Nilimwona akivuka geti. Roho iliniuma, na bado inaniuma.

Ahsante, Mama Ukoo, kwa kutulea na kutuvumilia. Nenda ukapumzike, wajukuu wako wa kweli wakufaidi, afya isikutupe mkono. Sisi usituulize hali. Ukishatoka Ijumaa, jengo hili halitakuwa na mtu anayemjua Binamu kwa sura.