Kipande cha Gongo Juu ya Meza ya Mzee Sikio

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchagua mbao za magongo ya besiboli, Mzee Sikio wa stoo ya mbao ya kiwanda chetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Ofisi imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu mashine yangu ya kukereza iko hatua nne kutoka mezani kwake. Kwa miaka ishirini na miwili, kila mbao niliyoikereza imepita kwanza mikononi mwake.

Jina hilo tulimpa sisi. Kila asubuhi huigonga mbao kwa kidole, akaiinamia, akaisikiliza, na ole wako umsalimie kabla hajamaliza. Mbao huitikiwa kwanza, binadamu baadaye. Shemeji yetu, mkewe, analalamika hadi leo kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa alilalia vipande kumi na viwili vilivyokuwa vinakauka chini ya kitanda, na kwamba vilijuliwa hali kuliko yeye.

Kuchagua mbao ya gongo si mchezo. Msonobari ni mwepesi, lakini unabonyea. Mkaratusi una nguvu, ila mchezaji ataumwa mabega kabla mpira haujarushwa. Kuhusu mtiki alisema waziwazi, mbele ya meneja, kwamba ukatengenezwe makabati. Mwishowe alitulia kwenye aina moja ya mbao, nyeupe, ngumu, yenye nyuzi zilizonyooka toka kichwani mwa gongo hadi kwenye mshikio. Alumini ilipoingia, wote tulijua atawaka. Wapi! Alichukua gongo la alumini, akalipunga mara tatu, akasema watoto wanaoanza wapewe hilo, ni jepesi na halipasuki. Ya mbao yabaki kwa waliokwisha kujua kupiga. Mpaka leo tunatengeneza hivyo.

Nilipomwomba anitajie mafanikio yake, alinipa sentensi moja tu: niandike kwamba alichagua mbao miaka thelathini na mmoja, na akakosea mara moja. Samahani, mzee wangu, hapo nitakukaidi.

Wageni huuliza kuhusu kipande cha gongo kinachoning'inia juu ya meza yake. Mwaka nilioajiriwa mimi, gongo hilo lilivunjika mazoezini, kibanzi kikampasua nyusi binti mmoja wa sekondari. Mzee alikwenda hospitali siku ileile, akamwambia baba wa binti kwamba mbao ile aliichagua yeye. Akapewa barua ya onyo, na ukuu wa stoo akausubiri miaka sita zaidi. Hakujitetea hata kidogo. Binti alipona, tunashukuru Mungu, na sasa ni mwalimu wa michezo anayeagiza magongo kwetu, kwa sharti kwamba mbao zichaguliwe na Mzee Sikio.

Sasa nisomeni vizuri. Kasoro ile haikuonekana kwa nje. Nyuzi zilikuwa zimekwenda upande ndani ya mbao, karibu na mshikio, zikajitokeza pale tu nilipokuwa nakereza. Niliziona. Nilikuwa na miezi miwili kazini, bado niko kwenye majaribio, mke wangu mjamzito, nikaogopa kuambiwa nimeharibu mbao. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi, nikanyamaza.

Mtu anayejua mbao kama yeye alitambua mara tu alipoviokota vile vipande kwamba kosa lilipita kwenye mashine yangu. Kesho yake alikuja akanionyesha kwa kidole namna ya kuzifuata nyuzi, akaniambia nikiona kitu chochote nimwite, hata kama yuko chooni. Nimemwita mara nyingi, na mara mbili kweli alikuwa chooni. Lakini hili sijawahi kumwambia, na nimeona haya kila siku niliyokaa hatua nne kutoka kwake.

Kwa hiyo rekodi isomeke hivi: miaka thelathini na mmoja, kosa hakuna. Lile moja ni langu.

Asante, mzee wangu. Kapumzike kwa raha na afya tele, na shemeji naye alale kwenye kitanda kisicho na mbao chini yake. Ila ukifungasha vitu vyako Ijumaa, kile kipande kiache. Jumatatu nitakitundika juu ya mashine yangu.