Bevan Laidlaw na Barua ya Renzo

Ijumaa ya tarehe 28 Juni 2024, baada ya chakula cha mchana, Bevan Laidlaw atakabidhi funguo za jiko la kambi yetu ya wanamaji na kustaafu. Ofisi inasema ametumikia miaka thelathini na mmoja. Mimi nahesabu thelathini na sita, kwa sababu mitano ya mwanzo aliitumikia baharini, kisha ikakatizwa kwa namna nitakayoieleza. Kamati imenipa kazi ya kuandika haya katika jarida la kambi kwa kuwa mimi, Alwyn Tregear wa bohari, ndiye pekee niliyebaki ninayemjua tangu ujana. Kamati haikuniuliza kama nampenda.

Mwaka 1979 alipanda meli ya kivita ya Corella hapa Fremantle, Australia, kuwa mpishi, akiwa na miaka kumi na minane; mimi nilikuwa mgawa vifaa vya bohari humo. Asubuhi yake ya kwanza aliunguza uji wa shayiri wa watu mia moja na themanini. Akaumwagia asali na kutangaza kwamba ndivyo bibi yake wa Uskoti alivyoupika. Watu waliomba kuongezwa. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeweza kumkasirikia Bevan, na hilo peke yake lingetosha kuniudhi.

Mpiga ishara wetu alikuwa Renzo Marchetti, mtoto wa fundi viatu. Renzo na mimi tulikuwa wapenzi kwa miaka miwili. Hatukuwa peke yetu. Mabaharia wa namna yetu walikuwepo melini kabla hatujazaliwa, wakijuana kwa macho na kufichiana siri, maana sheria ya siku zile ilimfukuza jeshini mwanamume aliyempenda mwanamume. Bevan naye alimpenda Renzo. Nilijua, kwa sababu kipande cha nyama kwenye sahani ya Renzo kilikuwa kikubwa kuliko cha nahodha.

Mwezi Machi 1984 wapelelezi walipanda meli tukiwa gatini. Walikuta barua chini ya godoro la Renzo. Ilikuwa barua ya mapenzi, haina jina. Walimketisha Renzo kwenye kiti ukumbini, na sisi tisa tuliolala chumba kimoja naye tukapangwa ukutani. Afisa alianza na mimi.

"Unamfahamu huyu?"

"Namfahamu kwa kumpa sabuni tu, Afande," nikasema.

Renzo alitazama sakafu. Afisa akahamia kwa Bevan, na kabla hajauliza lolote Bevan akasema, "Barua ni yangu, Afande. Niliandika mimi."

"Una hakika?"

"Kama nina hakika nimeandika? Ndiyo, Afande."

Wakampa karatasi aandike mstari mmoja. Mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku kwenye tope, haukufanana na ule wa barua hata kidogo. Lakini afisa alikwisha kupata majina mawili, na kengele ya chakula ilikuwa imegongwa.

Baadaye nilimkuta Bevan akifunga begi lake. Nikamuuliza kwa nini amefanya vile.

"Renzo asingeweza kushuka ngazi ya meli peke yake," akasema. "Na wewe ulishakataa."

Walifukuzwa jeshini, wakashuka wawili. Mimi nilibaki, nikapandishwa cheo mara tatu. Wao walipanga chumba mjini, Bevan akakaanga samaki kwenye kibanda, Renzo akapaka nyumba za watu rangi. Nilipita pale mara moja nikiwa na sare. Renzo alikuwa anamfuta Bevan unga shavuni kwa kidole gumba. Sikununua samaki.

Sheria ilifutwa mwishoni mwa 1992. Mwaka uliofuata Bevan aliingia kambini, raia, na seti yake ya visu, akaomba kazi ya jikoni. Mimi, wakati huo nimeshahamia bohari ya kambi, ndiye niliyemtolea mahitaji. Wacha niseme ukweli: kwa mwaka mzima nilimpa unga uliokaa sana. Alikuja boharini mara moja tu kulalamika, kama kule kunaweza kuitwa kulalamika.

"We Alwyn, unga wa leo una wadudu wanono. Nikipika maandazi, niseme ni ya nyama?"

Nilimbadilishia.

Mengine mnayafahamu. Mnakumbuka siku majiko yalipoharibika na wageni wakubwa wako njiani, naye akaoka pai mia nne kwenye mapipa ufukweni. Mnakumbuka vilevile kwamba kila Februari huwasimulia makuruti habari za miaka ile ya kujificha. Kila mwaka mmoja wao huuliza nani aliandika barua, na kila mwaka yeye hujibu, "Mimi." Mimi huketi kiti cha nyuma. Na kila Ijumaa Renzo huja kumchukua langoni, humnyooshea kola ya shati kabla ya kuwasha gari. Dirisha la bohari linatazama lango. Nimeangalia kola ile ikinyooshwa kwa miaka thelathini na mmoja.

Wiki iliyopita nilikwenda jikoni, nikamwambia nitakachoandika. Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Renzo atalisoma jarida, unajua," akasema.

"Si anajua siku zote? Mwandiko wangu aliujua."

"Anajua. Ila hajawahi kusikia ukisema wewe."

Basi nasema. Renzo, barua ile niliiandika mimi, na kila neno lake lilikuwa kweli. Nilipoulizwa, niliogopa. Bevan alikuwa na miaka ishirini na mitatu na alikuwa na kila sababu ya kuogopa kama mimi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote nakushukuru, Bevan, kwa mikono yako, kwa utani wako, na kwa kunyamaza miaka yote hii kwa ajili ya mtu aliyekupa unga wa wadudu. Bado nakuonea wivu. Sidhani kama wivu huo utakwisha Ijumaa. Lakini safari hii nitatoka boharini, nitawafungulia lango mimi mwenyewe, na nitampa Renzo mkono kama atakubali kuupokea. Muwe na afya nyumbani kwenu, nyote wawili, na mzeeke polepole.