Chumba Kisichosikia Yowe

Kaeni chini wote. Vincent, tia simu hiyo mfukoni au mpe mama yako akae nayo, maana leo sitasema jambo mara mbili, pumzi yenyewe naivuta kwa taabu. Magige, ng'ombe wameshanyweshwa? Vizuri, basi kaa karibu na mlango uone bondeni. Winfrida binti yangu, umetoka Kisaka na vumbi lote hilo miguuni, sogea hapa kichwani kwangu, kwa kuwa wewe ndiye utakayekumbuka. Kaka zako watakumbuka kile tu kitakachowapendeza. Na wewe Robi, mke wangu, fungua dirisha. Najua kuna upepo. Fungua.

Sasa nisikilizeni, wanangu. Daktari amewaambia jambo ambalo hamkuniambia, lakini nimelisoma kwenye nyuso zenu, na nimelionja kwenye mchuzi, maana tangu lini nyumba hii ikanichinjia kuku kila siku? Naondoka. Kuondoka sikuogopi. Ninachokiogopa ni kile ninachowaachia hapo nje, kinachozunguka boma letu kimyakimya, na ambacho Vincent hataki kukiona.

Nianze na mali, kwa kuwa najua masikio yenu yako huko, na si aibu. Kiwanja cha mjini Turwa na duka la vifaa vya ujenzi ni vya Vincent, alivipata kwa jasho lake, asije mtu akavidai. Shamba la mahindi na lile la mihogo ni la mama yenu mpaka siku atakaponifuata, kisha ni la Magige. Ng'ombe ni wa Magige, wote, kwa sababu walikuja hapa kwa mahari ya Winfrida, na kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka, na Magige bado hajaoa. Winfrida, yule mwekundu mwenye ndama umchukue uende naye Kisaka, kwani zizi hili ni wewe uliyelijaza. Zaidi ya huyo, hakuna mnyama atakayetoka zizini kwenda kulipia kile chumba cha uwanjani. Hata mkia. Juzi niliwasikia uani, Vincent ukimshawishi mdogo wako muuze nusu ya zizi mkishanizika, mkidhani homa imeniziba masikio. Homa iko kwenye mapafu, mura, kijana wangu. Masikio yangu ni mazima.

Usiinamishe kichwa, sijakuita mwizi. Nataka tu Winfrida ajue jambo lote, kwa kuwa yeye alikuwa kwa mumewe wakati haya yanatokea, na nyinyi mtamsimulia kwa namna yenu.

Mwanangu, unajua kile chuo kilichojengwa kule chini, kwenye mbuga tuliyokuwa tukichungia. Tulikipokea kwa furaha. Wakaanzisha timu ya mpira, wakajenga uwanja, na siku za mechi watu wakawa wanakuja kutoka Sirari mpaka Mugumu. Halafu juu ya jukwaa wakajenga vyumba vya VIP, kioo kuanzia sakafuni mpaka darini, wakaanza kuwatafuta wenye duka na wenye lori. Bei ya chumba kimoja kwa msimu mmoja ni karibu nusu ya zizi letu. Nikamuuliza kaka yako, ukishalipa hizo fedha, chumba kinakuwa chako? Akasema, hapana Baba, unalipia kukaa. Msimu ukiisha unalipa tena. Nilicheka mpaka nikakohoa. Hata hivyo alilipa kwa fedha ya duka lake, akaandikisha mlangoni, kwa herufi za dhahabu, Familia ya Mzee Nashoni.

Nami sitadanganya mbele ya Mungu ninayemwendea: kile chumba ni kitamu. Alinipeleka, watu wawili wakanishika kwapani ngazi nzima, wakaniweka kwenye kiti kinachoupokea mgongo mpaka maumivu yakapotea. Nje jua linapasua vichwa, ndani kuna ubaridi wa asubuhi. Unaletewa nyama iliyokwisha kukatwa, huhangaiki na mfupa. Uwanja wote uko chini yako, mbichi, na wachezaji unawaona hata mistari ya soksi. Mkuu wa chuo anaingia, anakuinamia, anasema shikamoo mzee, na kila mtu anaona ameinama. Vincent alipata pale kazi ya kupeleka saruji ya mabweni, akiwa ameketi tu, ameshika soda. Nilimwona mwanangu ameheshimiwa na watu wakubwa, na moyo wangu ulifurahi, siwezi kusema haukufurahi. Magige naye alikuwepo, amevalishwa shati jipya, anakula utadhani alikuwa amefungwa jela.

Jambo moja tu lilinikera tangu mwanzo. Chini yetu watu wanaruka, midomo wazi, na mimi sisikii kitu. Nikamwambia Vincent afungue dirisha. Akacheka, akasema, Baba, haya hayafunguki, hiyo ndiyo raha yake, kelele za watu zinabaki huko huko.

Basi mpira ukiwa bado unachezwa, nikaona watu wa upande wa jua wanasimama. Hawakusimama kama watu walioona goli. Walisimama wameupa uwanja mgongo, wanatazama vilima vya Nyarero, kisha wakaanza kuteremka, wanaume peke yao, wengine wameshavua mashati. Nikamwona Hezekia, jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, anaruka uzio pamoja na mwanawe Joel, na umri ule wa Hezekia. Sadick, yule mfanyabiashara wa mahindi wa Mugumu, alikuwa amealikwa kukaa nasi, na yeye si wa kwetu, hajui mambo yetu, lakini ndiye aliyeuliza. Akasema, "Mzee wangu, kule chini kuna nini? Mbona wanaume wanaondoka?" Vincent akamjibu, "Wamechoka na jua hao, Bwana Sadick. Kaa, kuna nyama nyingine inakuja."

Nikasema, Vincent, hilo ni yowe. Watu wanakimbilia yowe, shukeni wewe na mdogo wako, nendeni kivukoni. Mwambie Winfrida ulinijibu nini. Huwezi? Nitasema mimi. Ulisema, Baba, mkuu wa chuo anakuja sasa hivi kuhusu ile saruji, tumsubiri dakika chache, wengine si wapo? Magige akakutazama wewe, ukamwambia akae, akakaa. Mimi nilijaribu kuinuka. Kile kiti hakiniachii, na miguu yangu mnaijua.

Winfrida, wewe ni mtoto wa hapa, sina haja ya kukufundisha. Yowe likipigwa, kila nyumba inatoa mwanaume, na kila nyumba ina mahali pake pa kusimama. Mahali petu tangu babu yangu ni kivukoni, kwa kuwa boma letu ndilo linalokiangalia. Siku ile wezi walichukua ng'ombe wa Hezekia, wakawaswaga moja kwa moja mpaka kwenye kivuko chetu, na kivuko kilikuwa kitupu. Waliokuwa nyuma yao waliamini sisi tupo pale. Joel ndiye aliyekuwa na mbio, akawafikia majini peke yake, akiita jina langu, akiita, nyumba ya Nashoni, wazuieni! Wakampiga mishale. Waliompata walisema alikuwa ametazama huku kwetu.

Tulikwenda kuzika. Vincent alisimama mbali na kaburi kwa sababu ya viatu vyake vile vya ncha, udongo ulikuwa umelowa, na watu wote wakaviona vile viatu. Baada ya mazishi nikabebwa mpaka kwenye ritongo, baraza letu, mbele ya wazee, nikapeleka fahali wetu mweusi kuwa faini, kwa kuwa nyumba isiyotoka kwenye yowe hulipa, mambo yakaisha, mkala pamoja. Mimi na Hezekia tumegombana miaka kwa miaka, juu ya mpaka, juu ya mbuzi, juu ya mti ulioanguka, na kila mara faini ilimaliza. Safari hii wazee hawakutaja faini. Hezekia akaja akamshika fahali pembe, akampapasa shingoni, akaniambia bila hasira yoyote, "Mrudishe nyumbani, Nashoni. Huyu atachukuliwa tu na wezi. Tutaongea siku yowe likilia kwako."

Tangu hapo hakuna aliyetutukana, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mama yenu akifika kisimani wanawake wanampisha achote, kisha wanaondoka. Mnadani Magige anasalimiwa vizuri, halafu hakuna anayebaki kuongea naye. Juma lililopita watu nisiowajua walikaa kwenye mwamba ng'ambo ya kivuko tangu asubuhi mpaka jua likapinda, wanatazama zizi letu. Hezekia aliwaona, njia yake inapita pale pale. Wanawe waliwaona. Zamani mgeni akikohoa tu upande ule, watoto watatu wanakuja mbio kuniambia. Safari hii ni Magige aliyewaona mwenyewe, jioni, wakiwa wanainuka kujipangusa suruali.

Mnaelewa sasa? Wale hawaogopi panga la Magige. Walikuwa wanaogopa vilima vyote hivi vikiamka kwa pamoja, na wameshasikia kwamba kwa ajili yetu havitaamka. Wanangoja msiba wangu upite, pengine hata hawatangoja. Na wewe Vincent unataka uuze nusu ya zizi ukakae tena nyuma ya kile kioo, msimu mwingine, na jina langu mlangoni. Ningekuwa na nguvu mkononi ningekuchapa, ingawa wewe mwenyewe una mtoto wa shule.

Nawaagiza. Vincent, nenda ukalibandue jina langu pale mlangoni, wakikataa likwangue kwa kisu. Saruji wauzie, sikukatazi, lakini wauzie ukiwa umesimama chini. Magige, uoe mwaka huu, nyumba hii ina wanaume wachache. Jirani akipiga yowe, msimuulize mtu, msingoje simu, nendeni kivukoni, hata kama mwili wangu umelala hapa ndani haujaoshwa. Niacheni na mama yenu. Fahali hatatusafisha tena, Hezekia ameshalisema hilo. Kitakachotusafisha ni miguu yenu.

Maji. Kidogo, Winfrida. Basi.

Mama yenu msimpeleke Turwa, atakufa kwa zile kuta. Na mimi mnizike upande wa bonde, kichwa... nyamazeni.

Nyamazeni, nimesema! Robi, unasikia? Hapana, si mbwa. Sikiliza tena. Upande wa kwa Hezekia, limepokelewa juu huko, linakuja.

Mbona mnanitazama mimi? Mimi nimeshakwisha. Magige, upinde uko juu ya mlango, chukua, toka. Kivukoni! Vincent, panga langu liko chini ya kitanda hiki, vuta. Usilie, huu si wakati wake. Winfrida, toka uani ulipokee yowe, lipaze kwa nguvu zako zote, wasikie kwamba limetoka kwa Nashoni. Nendeni. Mungu awatangulie majini, awarudishe wawili mlivyo, mzae, mzeeke, mgombane na Hezekia juu ya mpaka mpaka meno yawatoke. Hayo ndiyo niliyonayo ya kuwapa. Nendeni.

Ndiyo, mwanangu, paza. Hivyo hivyo.

Robi, usifunge. Niinue kichwa kidogo. Wamekwenda? Macho yangu yameingia giza, niambie wewe. Nasikia miguu... inateremka... Robi, ni miguu ya mmoja tu. Huyo ni Magige, namjua anavyokimbia. Na yule mwingine? Nani amesimama pale mlangoni? Vincent, wewe? Kwa nini umesimama, mwanangu? Watakufa tena watu pale. Kwa nini umesimama...

Ah. Kimoja kimeanguka. Anavivua. Robi, anavua viatu.

Kimbia, Vincent. Kimbia, mdogo wako yuko peke yake.