Meza Sita za Chemchemi ya Parley

Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, Wendell Iribarren atarudisha funguo za pikapu namba saba na kustaafu, baada ya kuitumikia ardhi ya umma ya Milima ya Sorrel kwa miaka thelathini na saba na mwezi mmoja. Cheo chake katika karatasi ni Msimamizi wa Maeneo ya Kambi. Kwa maneno ya kawaida, ndiye aliyesafisha vyoo, aliyesimika mabango, aliyewavuta watu waliokwama mchangani, na aliyejua ni barabara ipi itapitika baada ya mvua na ipi haitapitika.

Alizaliwa hapahapa Brandt. Babu yake alikuja kutoka nchi ya Wabaski, mpakani mwa Uhispania na Ufaransa, kuchunga kondoo wa watu wengine, na jina lake bado linasomeka kwenye gome la mti mmoja juu mlimani. Wendell aliajiriwa Aprili 1988 kwa mkataba wa miezi sita. Mkataba huo uliongezwa mara nne kabla mtu yeyote hajakumbuka kumpa ajira ya kudumu.

Wageni wengi hudhani kwamba jangwa halina mwenyewe. Kazi ya Wendell ilikuwa kuwaeleza kuwa lina wenyewe wengi, na kwamba wao ni miongoni mwao. Kila mwaka, theluji ilipoyeyuka, alizunguka akibomoa mafiga yaliyoachwa na wapiga kambi. Aliyatawanya mawe moja moja, upande ulioungua ukitazama chini, na majivu aliyachukua kwenye ndoo. Vijana waliofanya kazi chini yake walilalamika kuwa hakuna atakayegundua. Aliwajibu kuwa hilo ndilo analolitaka.

Sheria yetu humruhusu mtu kukaa mahali pamoja siku kumi na nne, kisha ahame. Mwaka 1999 mzee mmoja aliyeishi katika nyumba ya kukokotwa na gari, Bwana Clell Pruitt, alikutwa siku ya ishirini akiwa chini ya mwerezi uleule.

“Nimehama,” alisema mzee.

“Umehama lini, mzee wangu?”

“Jana. Huu mti ulikuwa kulia kwangu. Tazama sasa, uko kushoto.”

“Umegeuza nyumba tu!”

“Na kugeuza si kazi? Hebu jaribu wewe, kwa mgongo huu.”

Wendell alimwandikia onyo, akalikunja, akamtilia mfukoni. Kisha akaifunga nyumba ile nyuma ya pikapu ya serikali, jambo ambalo haliruhusiwi, akampeleka maili ishirini na tano hadi upande wa pili wa mlima. Bwana Pruitt alimtumia kadi kila Krismasi mpaka alipofariki.

Hata hivyo, anayetaka kumjua Wendell hana budi kujua habari za Chemchemi ya Parley. Hayo ndiyo maji pekee ya kudumu upande wa mashariki wa milima. Tangu zamani watu wa Brandt walipiga kambi hapo wakati wa Pasaka: mahema ya ukoo mzima, viazi na vitunguu ndani ya sufuria nzito za chuma zilizopaliwa makaa juu ya vifuniko, watoto wakiviringisha mayai ya kuchemsha mteremkoni. Mwaka 1991 Wendell aliwajengea meza sita za saruji, majiko sita na choo, hatua arobaini kutoka kwenye maji. Saruji aliimimina mwenyewe. Ofisi ilimpa cheti. Pasaka iliyofuata, akila viazi vya watu kwenye meza ya tatu, alifahamiana na Arlene Cram, ambaye amekuwa mke wake tangu 1993.

Wakati huo hapakuwa na kondoo mwitu hata mmoja katika Milima ya Sorrel. Walikuwa wamekwisha siku nyingi, kwa bunduki na kwa maradhi waliyoambukizwa na kondoo wa kufugwa. Mwaka 1996 walirudishwa, thelathini na sita, wamefungwa vitambaa machoni, wakining’inia chini ya helikopta. Mji mzima ulikwenda kushangilia. Katika furaha ile hakuna aliyeuliza watakunywa wapi. Sote tulijua kuwa kuna chemchemi, na sote tulijua kuwa kuna meza. Tuliwaandikia onyo wageni waliopiga hema chini ya hatua mia moja kutoka kwenye maji ya wanyama, kama sheria inavyoagiza, kisha tukaenda kula Pasaka Parley, kwa sababu kambi ya Parley ilikuwa na kibali.

Kila Julai watumishi na watu wanaojitolea huketi siku tatu ndani ya kibanda cha turubai juu ya chemchemi, tangu alfajiri hadi jua linapozama, wakihesabu wanyama wanaokuja kunywa. Mwaka 2001 walihesabiwa kondoo mwitu hamsini na wawili. Mwaka 2002, ambao ulikuwa wa ukame, walikuwa ishirini na tisa. Kila mtu alisema ni puma, na barua ya kuomba kibali cha kuwapiga risasi puma ilikuwa tayari mezani. Wendell ndiye aliyeketi kibandani siku zote tatu. Aliwaona kondoo wakisimama ukingoni mwa jabali tangu asubuhi, wakitazama chini, ambako meza zote sita zilikuwa na watu. Hawakushuka. Siku ya tatu aliwakuta wanakondoo wawili wamekufa, hawana alama ya jino. Taarifa aliyoiandika ilikuwa na maneno matano: “Si puma. Ni meza zangu.”

Mkuu wa ofisi wa wakati huo alishauri kambi ifungwe Julai tu, ili pasitokee ugomvi. Wendell alikataa. Majike huzaa karibu na Pasaka, alisema, na anayenyonyesha hawezi kungoja wiki nzima hadi watu wamalize sikukuu. Aliomba kambi iondolewe kabisa. Ofisi ikaitisha mkutano katika ukumbi wa shule, Machi 2003, ikamwachia yeye ajibu maswali.

Mtu wa kwanza kusimama alikuwa Bi. Thelda Cram, mama mkwe wake, mwenye miaka sabini na mmoja, ambaye ukoo wake ulikuwa umekula Pasaka arobaini na nane Parley.

“Wendell, binti yangu ulimpatia wapi?”

“Palepale, mama.”

“Ukila viazi vya nani?”

“Vyako, mama.”

“Umeshiba, sasa unatufukuza. Kwa ajili ya mbuzi!”

“Ni kondoo, mama.”

“Mbuzi!” alisema Bi. Thelda, na ukumbi mzima ukacheka.

Wendell hakucheka, wala hakutoa takwimu. Alimwomba mama mkwe wake aketi naye kibandani siku moja tu, Jumamosi ya Pasaka, watu wakiwa kambini kama kawaida. Akiona kuwa hakuna tatizo, Wendell atajenga meza ya saba kwa mikono yake na hatalitaja jambo hilo tena. Maneno hayo aliyasema mbele ya watu mia mbili, bila kumwuliza mkuu wake. Arlene alituambia baadaye kwamba usiku ule mumewe hakula.

Bi. Thelda alifika alfajiri na kiti cha kukunja, chupa ya maji ya limau na kazi yake ya kufuma. Mpaka saa tatu hakuona kitu.

“Hao mbuzi wako wapi?”

“Sema polepole, mama. Wako juu, kwenye jabali lile jeupe.”

“Mimi naona mawe.”

“Shika darubini. Usitafute mnyama. Tafuta jiwe linalopumua.”

Akatafuta, akawaona: jike mmoja na mwanawe ambaye miguu yake ilikuwa bado inatetemeka. Jike alishuka hadi katikati ya mteremko. Mtoto mmoja akapiga kelele kwamba yai lake limeibwa, na wote wawili wakapanda tena. Walishuka mara ya pili, mbwa akabweka. Mara ya tatu hapakuwa na kelele yoyote. Mtu mmoja aliinuka kutoka kwenye meza ya tatu kwenda kuchukua chumvi, na jike akageuka.

“Nani huyo kasimama?”

“Shemeji Garth, mama.”

“Kafanya nini?”

“Hakufanya kitu. Kasimama tu.”

Bi. Thelda alimfuata yule jike kwa darubini mpaka akafika juu. “Toka asubuhi anahangaika hivi, na kitoto?”

“Toka Alhamisi, mama. Tangu mlipofika.”

Alikunja kazi yake ya kufuma, akakunja kiti, akashuka. Watu arobaini na watatu wa ukoo wake waliambiwa wafungashe.

“Mama, viazi havijaiva!” alilalamika Garth.

“Vitaiva nyumbani.”

“Yaani kwa sababu ya mbuzi?”

“Kondoo, Garth. Kama hujui, uliza.”

Mwezi uliofuata Wendell alizivunja meza zake kwa nyundo. Aliomba asiletewe mashine, kwa sababu mashine ingechimbua kingo za chemchemi. Arlene ndiye aliyepiga nyundo ya kwanza kwenye meza ya tatu. Vifusi vilijaza pikapu mara kumi na nane. Kambi mpya ilijengwa maili moja kutoka hapo, kwenye uwanda usio na tone la maji, ambako kila anayekuja hubeba maji yake mwenyewe. Wendell alifukia shimo la choo, akapanda majani, akaifuta barabara kwa reki hadi kona ya kwanza.

Tusiseme kwamba wote waliridhika. Bango la kambi mpya lilipigwa risasi mara tatu. Garth Cram hakuzungumza na shemeji yake kwa miaka sita, wakiwa wanakaa mtaa mmoja. Zipo koo mbili ambazo hazijarudi kupiga kambi mlimani mpaka leo, na Wendell huzitaja kwa majina, bila kinyongo. Bi. Thelda, kwa upande wake, aliketi kibandani kila Julai hadi mwaka wa kifo chake, 2014, na alikuwa mkali kwa wanaojitolea kuliko mtumishi yeyote wa serikali. Julai iliyopita walihesabiwa kondoo mwitu sabini na mmoja.

Wendell alifanya mengine, nayo yapo kwenye faili: maili thelathini na nne za njia za miguu, watu kumi na mmoja waliopotea na kupatikana wakiwa hai, vyoo tisa ambavyo havinuki. Mwenye kutaka aende akasome. Faili hilo halina cheti cha mwaka 1991. Alikirudisha ofisini mwezi ule aliovunja meza, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya risasi: “Kazi hii imeondolewa.”

Tulipokaa kupanga sherehe ya kumuaga, baadhi yetu tulipendekeza ifanyike Parley, na pawekwe kibao kidogo cha shaba chenye jina lake. Wendell aliuliza kibao hicho kitasomwa na nani, wakati mahali hapo hapatakiwi kuwa na mtu. Kwa hiyo sherehe itafanyika Jumamosi, tarehe 31 Mei, kwenye kambi ya uwandani, saa tano asubuhi. Viazi vitapikwa na Garth Cram. Kila mmoja aje na maji yake.

Wendell, wewe na Arlene tunawaombea afya, magoti yasiyouma, na asubuhi nyingi ambazo hakuna mtu aliyekwama mchangani anayewapigia simu. Juma lililopita mtumishi wetu mpya alirudi kutoka Parley akatuambia kwamba ametafuta kwa saa nzima mahali kambi ya zamani ilipokuwa, asipaone. Alipoinua macho, kondoo walikuwa wanakunywa. Asante kwa kazi hiyo.